Programu yangu ilimeza safari za usiku, daftari la bodaboda likaniumbua

UMEWAHI kuambiwa "sistemu ndiyo imesema hivyo" ukanyamaza kwa kukosa la kujibu? Iwe ni tokeni za stima, salio la mkopo wa simu au malipo ya kibarua, neno sistemu likishatajwa mjadala umefungwa. Unameza mate unaenda zako.

Mimi nimewahi kumwambia mtu maneno hayo, tena uso kwa uso, kwenye ngazi za ploti tunamoishi. Nilikosea, na kosa langu lilimtoa pesa mfukoni. Leo nakusimulia ilivyokuwa, kwa sababu huenda na wewe unaandika programu, au unalipwa na programu iliyoandikwa na mtu kama mimi.

Kwanza nijitambulishe. Mimi si injinia wa vyeti. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, nikabaki na laptopu ya mitumba na bando za usiku. Nilijifunza kuandika programu hivyo hivyo, nikivunja na kurekebisha. Baadaye nikapata kibarua kwenye kampuni ndogo yenye apu ya bodaboda. Kazi yangu ilikuwa ripoti. Kila Jumatatu asubuhi programu yangu ilihesabu safari za kila mwendeshaji za wiki iliyopita. Aliyefikisha safari 70 alipata bonasi ya Sh1,500.

Kwa mtu mwenye pikipiki ya mkopo, Sh1,500 si pesa za kuchezea. Hizo ni siku kadhaa za kumlipa mwenye deni.

Sasa jirani yangu wa orofa ya nne, hapa Pipeline, ni mmoja wa waendeshaji hao. Ni mtu mzima, ana watoto wawili shuleni. Mimi humwita mzee, naye huniita kijana wa kompyuta. Jumatatu moja alinisubiri kwenye ngazi akiwa na daftari la shule, lile la kurasa 48. Ndani alikuwa ameandika kila safari kwa kalamu: saa, alikomchukua abiria, alikomshusha, bei.

"Kijana wa kompyuta, hebu nisaidie. Mimi nimehesabu safari 83. Apu inasema 58."

Unajua nilimjibu nini? "Mzee, sistemu haidanganyi. Labda husahau kubonyeza pale pa kumaliza safari."

Alinitazama kidogo, akafunga daftari, akapanda juu. Hakubishana. Ningependa angebisha.

Wiki iliyofuata walikuwa watatu. Ofisini nako maneno yalikuwa yameanza. Mkubwa wangu alisema waendeshaji wameanza kubuni safari ili wapate bonasi, na wakiendelea watafungiwa akaunti. Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi nilinyamaza. Lakini usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu kuna kitu nilikuwa nimekiona kwenye orodha ya waliolalamika. Wote walikuwa watu wa jioni na usiku. Hakuna hata mmoja wa asubuhi.

Mwongo hana shifti. Kama watu walikuwa wanadanganya, mbona wa asubuhi wote walikuwa wakweli?

Faili 24 ndani ya faili moja

Kabla sijaendelea, elewa jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa. Kila saa, apu ilikusanya safari zote na kuziandika kwenye faili moja. Faili hiyo ilibanwa kwa gzip ili iwe ndogo, kisha ikapakiwa kwenye hifadhi ya wingu, yaani kwenye seva za kukodi ambazo huzioni wala huzigusi. Siku ikiisha, faili hizo 24 ziliunganishwa zikawa moja ya siku nzima.

Gzip si kitu kipya. Iliandikwa na Jean-loup Gailly na Mark Adler, ikatoka kwa mara ya kwanza mwaka 1992, pengine kabla hujazaliwa. Inabana maandishi kwa kutafuta yanayojirudia. Badala ya kuandika jina la kituo kimoja mara elfu, inaandika mara moja kisha inasema "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa". Orodha ya safari imejaa marudio, kwa hivyo inabanika sana.

Kila kipande cha gzip kina kichwa na mkia. Kichwa kina angalau baiti 10, na zile mbili za kwanza ni zile zile siku zote: 31 na 139. Ukiziona, unajua ni gzip. Mkia una baiti 8. Nne ni namba ya kuhakikisha kwamba data haikuharibika, nne nyingine zinataja ukubwa wa data kabla haijabanwa.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Kanuni za gzip, zilizochapishwa Mei 1996 kama RFC 1952, zinaruhusu kuunganisha vipande. Ukichukua faili mbili za gzip ukaziweka moja nyuma ya nyingine, unachopata bado ni gzip halali. Anayeifungua anatakiwa kumaliza kipande cha kwanza, aone kama kuna kingine nyuma yake, aendelee. Ndiyo maana kampuni iliweza kugundisha faili 24 bila kuzifungua. Ni rahisi, ni haraka, na haivunji kanuni yoyote.

Programu yangu, niliyoiandika kwa Java, iliisoma faili hiyo ya siku moja kwa moja kutoka kwenye wingu kwa mtiririko. Maana yake sikuipakua yote kwanza. Nilikuwa nateka kidogo kidogo, nafungua, nahesabu, nateka tena. Kile chombo cha kutekea ndicho kinachoitwa bafa. Ya kwangu ilikuwa na nafasi ya baiti 512.

Daftari dhidi ya ripoti

Nilimwomba mzee daftari lake. Alinipa bila neno. Nikachagua siku moja, Alhamisi. Yeye alikuwa ameandika safari 14. Ripoti yangu ilikuwa na 5. Zile 5 zililingana kabisa na daftari, hadi dakika. Kisha baada ya saa kumi na moja jioni, ripoti ilikuwa tupu. Si kwake tu. Nilipotazama jiji zima, kulingana na programu yangu, hakuna pikipiki iliyobeba mtu Nairobi Alhamisi hiyo kutoka saa kumi na moja jioni hadi usiku wa manane.

Hebu fikiria. Stage zote, jam yote, watu wote wanaotoka kazini, na hakuna aliyepanda boda.

Nikapakua faili ya Alhamisi kwenye laptopu, nikaifungua kwa zcat na kuhesabu mistari. Mistari ilikuwa yote, hadi safari ya mwisho ya usiku. Nikaendesha programu yangu ile ile juu ya faili hiyo iliyokuwa ndani ya laptopu. Ikahesabu sawasawa, bila kupoteza hata moja. Nikairudisha isome kutoka kwenye wingu. Ikaishia saa kumi na moja jioni. Nikairudia. Safari hii iliishia saa mbili usiku.

Faili ni ile ile, programu ni ile ile, lakini majibu ni matatu. Na kibaya zaidi, haikulia hata mara moja. Hakuna onyo, hakuna mstari mwekundu. Ilimaliza kwa utulivu kama mtu aliyemaliza kazi yake yote.

Ndipo nilipoelewa kwa nini ni watu wa usiku. Programu ikikata njiani, inakata mkia wa siku. Asubuhi husomwa kwanza, kwa hivyo asubuhi ilikuwa salama karibu siku zote. Mzee huanza kazi saa nane mchana na kumaliza usiku wa manane. Yeye ndiye aliyekaa kwenye mkia.

Mfereji ukikohoa

Kama unaishi mtaa wa mgao wa maji kama wangu, utaelewa hitilafu hii upesi kuliko waliosomea chuoni.

Umepeleka mtungi kwenye mfereji. Maji yanatoka, yanapungua, mfereji unakohoa, kimya. Sasa una maswali mawili tofauti. La kwanza: kuna maji yanayotoka sasa hivi? La pili: maji ya leo yameisha? Jibu la swali la kwanza likiwa hapana, halimaanishi jibu la pili ni ndiyo. Pengine presha imeshuka tu, dakika moja yatarudi. Mtu mwenye haraka hubeba mtungi nusu akaenda nyumbani. Aliyetulia husubiri.

Programu yangu ilikuwa ya mtu mwenye haraka.

Zana ya Java niliyotumia kufungua gzip inaitwa GZIPInputStream. Katika toleo tulilokuwa nalo, ikimaliza kipande kimoja hutakiwa kuamua kama kuna kingine. Nilifungua msimbo wake nikausoma mwenyewe. Inaangalia mambo mawili. Kwanza, je, kwenye bafa zimebaki zaidi ya baiti 26? Hesabu hiyo ni mkia wa kipande kilichoisha, baiti 8, kichwa cha kinachofuata, 10, na mkia wake, 8. Pili, inauliza mtiririko swali linaloitwa available: una baiti ngapi ninazoweza kupata sasa hivi bila kusubiri? Mambo yote mawili yakikataa, inahitimisha kwamba faili imeisha.

Umeona tatizo? Swali la available ni lile la kwanza la mfereji, lakini linatumiwa kujibu la pili. Faili ikiwa kwenye diski ya laptopu, available hujibu vizuri kwa sababu diski inajua kilichobaki. Ndiyo maana kwangu nyumbani kila kitu kilikuwa sawa. Lakini kwenye mtandao, jibu la sifuri linaweza kumaanisha tu kwamba pakiti inayofuata bado iko njiani. Tena maelezo rasmi ya Java yanasema wazi kwamba hayo ni makadirio. Mimi sikuwa nimeyasoma.

Kwa hivyo kila kipande kilipoisha karibu na mwisho wa bafa, huku mtandao umekohoa sekunde hiyo hiyo, siku ilikatwa hapo. Kwa bafa ya 512 iliyojaa, kuna nafasi 27 mbaya za kipande kuishia, yaani kubaki na baiti 0 hadi 26. Hiyo ni takriban asilimia 5. Unasema ni kidogo? Faili ya siku ina mipaka 23 kati ya vipande. Ukirusha kete mara 23 kila siku, siku moja itakuangukia vibaya. Na kwenye mtandao bafa hata haijai kila mara. Unaomba 512, unapewa 180. Unaomba tena, unapewa 23.

Na kwa nini haikulia? Kwa sababu kipande kilichosomwa mwisho kilikuwa kizima, mkia wake umelingana na kila kitu. Faili ingekatika katikati ya kipande, Java ingepiga kelele. Lakini kukatika kwenye mpaka kunafanana kabisa na mwisho halali.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya uongo

Sitakuficha, nilianza kwa kukosea tena. Niliongeza bafa kutoka 512 hadi 65,536. Nikaendesha mara tatu, ikatoka sawa mara tatu. Nikajipongeza na chapati madondo kwa kibanda.

Siku ya tisa ikakata tena.

Mtungi mkubwa haurudishi presha ya maji. Nilikuwa nimepunguza nafasi ya hitilafu kutokea, sikuiondoa. Na hitilafu inayotokea mara chache ni mbaya kuliko ya kila siku, kwa sababu hakuna atakayekuamini ukiilalamikia. Mzee alikuwa amenifundisha hilo tayari.

Nikarudi nyuma, nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo: nikatafuta njia ya kuifanya ikatike kila mara. Nikaandika mtiririko wa uongo, mchoyo kupindukia. Ukimwomba baiti 512 anakupa moja. Ukimuuliza available anajibu sifuri kila wakati. Nikampa programu yangu faili ya siku kupitia mchoyo huyu. Ikafa baada ya kipande cha kwanza, kila mara, bila kukosa. Sasa nilikuwa nimemshika.

Dawa yenyewe haikuzidi mistari kumi na mitano. Nilizungushia mtiririko wa wingu ganda dogo kwa kutumia PushbackInputStream, zana inayokuruhusu kusoma baiti moja na kuirudisha. Mtu akiuliza available na jibu likawa sifuri, ganda langu halijibu upesi. Linajaribu kusoma baiti moja, hata kama ni kusubiri. Ikipatikana, linairudisha mahali pake na kusema "ipo". Ikiwa jibu ni -1, ambayo kwa Java ndiyo alama ya mwisho wa kweli, hapo ndipo linasema sifuri. Mchoyo akapita. Vipande vyote 24 vikasomeka.

Kama hutaki kuandika ganda, kuna njia nyingine. Maktaba ya Apache Commons Compress ina GzipCompressorInputStream inayoweza kusoma vipande vilivyounganishwa, ila lazima uiambie hivyo kwa kuipa "true" unapoiunda. Usipoiambia, inasoma kipande cha kwanza tu na kusimama. Chunga hapo.

Nikaongeza na mlinzi. Hifadhi ya wingu hukuambia faili ina baiti ngapi kabla hujaanza kuisoma. Sasa programu yangu huhesabu baiti ilizoteka, na mwisho hulinganisha. Zikipishana hata kwa moja, ripoti haitoki. Heri Jumatatu ichelewe kuliko itoke ikiwa na pengo.

Nilipeleka daftari ofisini

Jumatano yake nilienda kwa mkubwa nikiwa na vitu viwili: laptopu na daftari la mzee. Nilimwonyesha Alhamisi ile, jiji zima bila boda kuanzia saa kumi na moja jioni. Alikaa kimya kidogo. Akauliza, "Hii imeendelea kwa muda gani?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa, kwa sababu jibu lilikuwa: tangu nilipoandika programu. Wiki kumi na moja. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilidhani kibarua kimeota nyasi.

Bahati ni kwamba faili za zamani zilikuwa bado kwenye wingu, nzima. Kilichokuwa na pengo ni kusoma, si kuhifadhi. Niliendesha upya wiki zote kumi na moja usiku mmoja. Orodha ya waliodhulumiwa ilipotoka, ilikuwa ndefu kuliko ya waliolalamika. Wengi hawakuwa wamesema kitu. Labda hawakuwa na daftari. Labda waliambiwa sistemu haidanganyi, wakaamini.

Walilipwa tofauti yao kwa M-Pesa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Akaunti hazikufungwa. Mimi nilibaki kazini, ingawa mkubwa aliniambia waziwazi kwamba kosa la pili la aina hiyo hatalivumilia. Ni haki yake.

Jioni ya Ijumaa hiyo nilipanda orofa ya nne kurudisha daftari. Nikamwambia, "Mzee, ulikuwa sawa. Programu ndiyo ilikuwa inakata, na niliyeiandika ni mimi. Nisamehe."

Hakucheka wala hakukasirika. Alilipokea daftari, akaangalia kama kurasa zote zipo, akaniambia, "Kijana, mimi shule niliishia la saba. Lakini kuhesabu najua."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sasa wewe unayeandika programu, usichukue kimya cha mtandao kuwa mwisho wa faili. Jaribu msimbo wako kwa mtiririko mchoyo wa baiti moja moja, na uhesabu kilichoingia dhidi ya kilichotakiwa kuingia. Na wewe unayelipwa na apu, nunua daftari la kurasa 48. Andika saa na bei. Siku ukiambiwa sistemu imesema, utakuwa na kitu cha kuweka mezani.

Mzee bado anaandika. Jumatatu hii tulilinganisha: daftari 79, apu 79.